Risala ya vijana wa kanisa kwa Baba Askofu, Kisauni

Baba Askofu mgeni wetu rasmi, wachungaji, wazee wa kanisa, kina mama na wenzetu wa kwaya, Bwana asifiwe sana. Karibu Kisauni, na pole kwa jam ya Daraja la Nyali, twaijua ile.

Baba, hapo Kengeleni ulipopita ndipo ilipokuwa Frere Town, wamishonari wa Kianglikana wa CMS kutoka Uingereza waliianzisha 1875 kwa watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, Wayao, Wamakua, Wanyasa, na wengine walikuja kutoka India washasomeshwa huko, kengele moja ikiwaita wote.

Sisi sasa tuna ibada mbili. Saa mbili ya Kiingereza, hiyo ni Wazungu wachache, familia mbili tatu za Kihindi na wenye magari kutoka Nyali, halafu saa nne ya Kiswahili ndo sisi. Tuliambiwa ni mambo ya lugha tu. Sawa, lakini lugha inaingiaje kwenye chai Baba, wenzetu wanaandaliwa keki na vikombe vya udongo chini ya mwarobaini, sisi tunakuta ndoo ya mahamri na vikombe vya plastiki, na ngoma yetu inafungiwa stoo mpaka gari la mwisho litoke geti. Hatusemi tunachukiwa, hata kinanda tunachopiga alinunua mmoja wao.

Kinachotutia wasiwasi ni yale ya Afrika Kusini. Mwaka 1857 sinodi ya kanisa la Dutch Reformed ilikiri kabisa kwamba Maandiko yanataka waumini wote wasali pamoja, halafu ikaongeza eti kwa ajili ya udhaifu wa baadhi, wasio Wazungu wanaweza kutengewa ibada yao. Udhaifu! Kufika 1881 waliotengwa washaundiwa kanisa lao kabisa. Na ni kanisa hilohilo la waliotengwa lililoandika Ungamo la Belhar, yaani tamko lao la imani, 1982, wakalipitisha 1986, kwamba umoja wa kanisa lazima uonekane kwa macho.

Kwa hivyo twaomba Jumapili ya kwanza ya kila mwezi iwe ibada moja, Meza ya Bwana moja, nyimbo za lugha zote mbili, na chai moja, mahamri kina mama washasema watapika. Na ngoma itoke stoo leo ukiwepo Baba, ufunguo anao mzee wa kanisa aliyekaa hapo nyuma yako.

Ni sisi vijana wa ibada ya saa nne.