Barua kwa Baba Mdogo: uliuliza ninaishi na nani chumbani

Shikamoo Baba Mdogo. Kamwene.

Tangu Novemba umeniuliza mara tatu ninaishi na nani. Mara ya kwanza nilisema mtandao unakatika. Mara ya pili nikasema naishi na dada mmoja mpole wa Tanga, kisha haraka nikakuuliza bei ya mbolea, maana najua ukishaanza habari za mbolea hukumbuki ulikotoka. Mara ya tatu ni Jumapili iliyopita, ulipotaka kujua huyo dada anasali wapi. Nikajibu, "Hapahapa karibu na hosteli." Sikudanganya. Msikiti hauko mbali na geti letu.

Ndiyo hivyo basi. Ninaishi na Mwislamu wa Pangani. Jina lake silitaji, hajaniruhusu.

Naandika hapa hadharani kwa sababu kwenye simu nikisikia ule mkohozi wako wa mzee wa kanisa, maneno yote yananitoka. Halafu najua wako baba wadogo wengine wengi. Matokeo ya kidato cha sita yakitoka watakaa mezani na mabinti zao kama ulivyokaa na mimi, na kabla ya kuuliza kozi wataangalia kama nembo ya chuo ina msalaba.

Siku ile naikumbuka vizuri. Mama alileta chai, ukaisogeza pembeni. Ukasema, "Dar ni Dar, mama, lakini chuo cha kanisa kina uzio." Unaniita mama kwa sababu nina jina la Bibi, na ukiniita hivyo sina nguvu ya kubishana. Bodi ya Mikopo ilikuwa imenipa fedha ya kujikimu na sehemu tu ya ada. Iliyobaki ukasema utalipa wewe, kwa sharti kwamba chuo kiwe cha Kikristo. Ukauza mipaini ambayo ilihitaji miaka mingine mitatu ndiyo ikomae. Nilimsikia fundi mbao akikuambia hivyo, na nikakusikia ukimjibu kwamba shule haisubiri mti.

Kwa hiyo niliingia Dar nikijiona nabebwa na mipaini. Tulishuka mlima wa Kitonga abiria wote wamenyamaza, tukapita Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu, Mikumi nikaona twiga kwa mara ya kwanza na jirani yangu hakugeuza hata shingo. Stendi ya Mbezi nilishuka usiku nikiwa na sweta mwilini na blanketi la Bibi begani. Yule wa bodaboda aliniangalia akasema, "Dada, unatoka Njombe au Makete?" Blanketi lile sasa liko chini ya godoro. Godoro lenyewe ni jembamba, kwa hiyo halijapoteza kazi.

Sasa nikueleze huo uzio.

Chuo chetu kina msalaba getini, kina mchungaji, na katikati ya wiki kuna ibada yenye karatasi ya mahudhurio. Karatasi inapitishwa, unaandika jina na namba yako ya usajili, unasaini. Wiki ya pili nilishagundua kwamba kuna majina yanayoingia kanisani bila miguu. Mtu mmoja anasainia watu watano. Hata mimi niliwahi kusainiwa, Baba Mdogo, siku nilipokuwa nimelala. Sikuomba, ila niliposikia sikukataa.

Na cheti cha ubatizo hakuna aliyeniuliza. Udahili unafuata vigezo vya TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu, na ufaulu wako wa kidato cha sita, basi. Darasani kwetu kuna kina Juma na kina Mwanaidi, na kuna wa kanisa letu wanaojua baa zote za Sinza. Chuo cha kanisa ni chuo. Uzio upo, ila ni wa matofali, umezunguka majengo.

Wiki ya kwanza nilitafuta watu wetu. Dada mmoja akanikaribisha kwenye maombi ya jioni. Nikajua tutaimba, tutasoma neno, tutasali Baba Yetu, tutaondoka kama nyumbani. Kumbe taa zilipunguzwa, watu wote wakaanza kuomba kwa sauti kwa wakati mmoja, wengine wananena kwa lugha. Mimi nimesimama katikati, jicho moja nimefumba, jingine linatafuta mlango. Baadaye kaka mmoja akanishika bega akauliza, "Dada, umeokoka?" Nikamjibu, "Nimepata kipaimara." Aliniangalia kwa huruma nyingi sana. Sikurudi. Siwasemi vibaya, wapo waliopata ndugu wa kweli pale, lakini mimi nilitoka nikiwa mpweke kuliko nilivyoingia. Nilikuwa nimetegemea kwamba katikati ya Wakristo wote hao nitajisikia nyumbani siku hiyohiyo.

Masomo nitayapitia haraka, maana matokeo utayaona. Jaribio la kwanza nilipata tisa kwa ishirini, mimi niliyekuwa nasomewa jina kwenye mahafali. Hakuna mwalimu anayekuandikia ubaoni ukanakili. Mhadhiri anaongea, anaondoka, na mwaka wa kwanza wote wanakimbilia stesheneri kutoa kopi madesa, yaani notisi, ya mwaka jana. Ilinichukua mwezi mzima kujua kwamba alama arobaini za kosiweki, yaani kazi na majaribio ya muhula, zinakusanywa kidogokidogo, na ukizichezea, sitini za UE, mtihani wa mwisho wa muhula, hazitakuokoa.

Hela nayo. Bodi inahesabu shilingi 10,000 kwa siku za chakula na malazi. Ukiisikia Njombe ni hela. Toa kodi ya chumba, toa nauli ya daladala, ambako mwanafunzi ni yule mwenye sare na sisi wa chuo ni watu wazima, toa kopi. Bumu, ndiyo hiyo hela ya Bodi, lilipochelewa tulipiga pasi ndefu: chai saa tano, halafu hakuna kitu mpaka usiku. Ulipopiga siku moja ukauliza nimekula nini nikasema wali. Ulikuwa wali wa jana, wa yule wa Pangani.

Hapo ndipo nilipotaka kufika.

Chumba chetu kina vitanda viwili, dirisha moja, na mtungi wa gesi wa kilo sita ambao ni wake. Asubuhi ya kwanza niliamshwa na adhana. Yeye alikuwa ameshaamka. Ameiweka simu imeangalia ukutani ili mwanga usinipige usoni, anatia udhu kwa kopo moja la maji, taratibu kabisa, maana maji siku ile yalikuwa ya ndoo. Nikajifanya nimelala. Ikawa hivyo kila siku: yeye anaswali, mimi nimefumba macho nasubiri amalize.

Wiki ya tatu akaniuliza, wala hakuwa na shari, alikuwa anakunja mswala wake: "Nyie hamsali asubuhi?"

"Tunasali."

"Saa ngapi?"

Baba Mdogo, nilikosa jibu. Nyumbani saa ngapi haikuwahi kuwa swali langu. Bibi alikuwa anagonga mlango mara mbili kwa fimbo yake, tunatoka na mashuka mabegani, wewe unasoma, tunaimba ubeti mmoja, tumemaliza. Miaka yote ile nilidhani nasali. Nilikuwa naamshwa. Nimekuja huku mbali na fimbo ya Bibi na sikuwa na hata saa yangu mwenyewe.

Sikumjibu siku ile. Siku ya tatu ndiyo nikamwambia, "Ukiamka, niamshe na mimi." Hakuuliza kwa nini. Kesho yake alfajiri akagonga chuma cha kitanda changu mara mbili. Mara mbili hasa, na sikuwa nimewahi kumsimulia habari za Bibi. Nililia kidogo, giza likanisitiri. Tangu Desemba ndivyo tunavyoishi. Yeye kwenye mswala, mimi kwenye ukingo wa kitanda na Biblia uliyoniandikia jina. Asubuhi nyingine nasinzia mstari wa pili. Lakini naamka.

Usifikiri tunaishi kama malaika. Januari nilimwazima dada wa chumba cha pili sufuria la mwenzangu, bila kuuliza anapika nini. Alipika kitimoto, nyama ya nguruwe. Aliporudi mwenzangu na kuambiwa, hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Aliliosha lile sufuria mara saba, mara moja kwa udongo, kisha akaenda kumpa yule dada liwe lake kabisa. Siku tatu hakunisemesha zaidi ya salamu. Alfajiri bado alikuwa anagonga kitanda, anagonga tu, anageuka. Nimewahi kugombezwa na wewe, nimechapwa na Mama, lakini adhabu ya siku tatu zile sijaipata kwingine.

Kilichotupatanisha ni kiroba chako. Ulinipigia kwamba umetuma viazi na maparachichi kwenye basi, niende Mbezi nikapokee. Sikuwa na namna ya kukibeba peke yangu. Nikamwambia, akavaa mtandio wake tukaondoka. Kurudi tumekishika huku na huku, kondakta anataka tukilipie kiti, yeye anamjibu kwa Kiswahili cha kwao kile laini mpaka kondakta mwenyewe akacheka akatusaidia kupandisha. Usiku akapika viazi kwa nazi, kwenye sufuria jipya tulilonunua kwa kuchangia. Viazi vya kwetu kwa nazi ya kwao! Hujawahi kula kitu hicho, Baba Mdogo. Uliniuliza kama viazi vilifika salama. Vilifika.

Krismasi sikuja, nauli ilikuwa imepanda. Nilikwenda Azania Front, lile kanisa la kwenye kalenda yako ya sebuleni, lililojengwa na Wajerumani kati ya mwaka 1899 na 1902. Mnara wake unaangalia bahari kweli, kama kwenye picha, ila kalenda haikuonyesha foleni wala jasho. Mwenzangu alinisindikiza mpaka Kivukoni. Hakuingia. Nilipotoka nilimkuta ameketi upande wa Feri, ameninunulia muhogo wa kukaanga na chachandu, umepoa kwa sababu mahubiri yalikuwa marefu.

Halafu ikaja Februari. Mwaka huu wa 2026 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 18, na wiki hiyohiyo mwezi wa Ramadhani ukaandama. Nikajitia ushujaa nikasema nitafunga Kwaresima, chakula cha mchana, Jumatano na Ijumaa. Yeye anafunga mpaka maji, siku zote, na UE zimetuzunguka. Jumatano ya kwanza, saa saba, joto la Dar unalijua kwa kusikia tu, nikawa nimelala sakafuni nimeweka shavu kwenye sementi. Akanitazama, akasema, "Mwenzangu, na chai ulikunywa." Tulicheka mpaka tukaishiwa pumzi. Jioni alinipa uji wa pilipili manga na kaimati, na ndivyo tulivyomaliza mitihani yote, tukisubiri jua lizame huku tunaulizana maswali.

Nina watu wa kanisa pia, usihuzunike. Nimepata usharika, naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya vijana, na mchungaji wa chuo ananijua kwa jina. Niliwatafuta Januari, baada ya kuanza kuamka.

Mipaini yako haikupotea. Ila nilichokuwa nakificha miezi yote hii ni hiki, na sasa umekijua mbele za watu, kwa hiyo huwezi kunigombeza bila mashahidi.

Kuna ombi. Mwenzangu hajawahi kuona baridi inayoganda. Nilipomwambia kwamba kwetu mwezi wa sita na wa saba kuna asubuhi majani yanakuwa meupe, alidhani namtania. Nataka nije naye likizo ndefu, siku kumi. Mama nitamwambia mwenyewe. Bibi sina wasiwasi naye, wataamka saa ileile.

Kuku msimchinje nyinyi. Mwombe yule mzee wa dukani, anayefunga duka Ijumaa mchana, aje kuchinja yeye. Na tuandalieni mablanketi matatu, mawili yake.