Shokapu za Impreza: fungua mwenyewe nyumbani, springi tuachie sisi

Wenye Subaru Impreza WRX za 2000 hadi 2007 wanatuuliza sana kama shokapu wanaweza kubadili wenyewe nyumbani. Wanaweza, isipokuwa hatua moja.

Kwanza hakikisha kweli zimekufa. Dalili ni mafuta yaliyoshika vumbi kwenye mwili wa shokapu, tairi kulika mabonde mabonde, pua kuinama ukishika breki, na gari kuendelea kudunda baada ya kuvuka tuta. Kugonga peke yake hakutoshi. Mara nyingi hiyo ni stebilaiza linki tu, kile kifimbo kinachounganisha stebilaiza na mguu wa tairi, kitu cha bei ndogo. Wenye STI, ile WRX yenye nguvu zaidi, ndio wawe makini zaidi: shokapu zao zimegeuzwa juu chini, na grisi ya ndani ikikauka zinagonga kama zimekwisha, kumbe zinataka kusafishwa na kupakwa grisi mpya. Wateja wa namna hiyo tunawarudisha na hela zao mfukoni.

Ukiridhika kwamba ni shokapu, paki kwenye sakafu ngumu, inua kwa jeki, kisha gari likalie stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Toa tairi. Mguu wa mbele, yaani shokapu pamoja na springi yake, umeshikwa na boliti mbili kubwa chini, spana namba 19, na nati tatu ndogo juu, chini ya boneti, spana namba 12. Kati ya zile mbili kubwa, ya juu ndiyo inayopanga mlalo wa tairi, kwa hiyo ichore alama ya rangi kabla hujailegeza. Achia kishikio cha mpira wa breki na waya wa ABS, halafu ifunge habu kwa kamba isije ikaning'inia kwenye mpira huo.

Nati ya katikati pale juu, iliyo peke yake, usiiguse! Ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa, na springi ikiruka inavunja taya. Klempu za mkono za kubania springi, zile za bei poa, hatuziamini, huwa zinateleza. Chomoa mguu mzima utuletee. Tunaibana springi kwenye mashine na kuihamishia kwenye shokapu mpya huku unasubiri, na tunakuonyesha maunti ya juu (kile kikalio kinachoushika mguu kwenye bodi) na mpira wa vumbi kama vimechoka. Ni afadhali kubadili hapo hapo kuliko kufungua tena.

Leta miguu miwili ya mbele pamoja, au miwili ya nyuma. Ya nyuma nati zake za juu zimefichwa ndani ya gari nyuma ya kava, na kuzifikia kunakula muda kuliko kuzifungua.

Wakati wa kurudishia, nati ndogo zisikazwe kwa hasira, stadi zake, yaani vijiti vya nyuzi vinavyofungwa nati hizo, hukatika kirahisi. Kisha peleka gari alaimenti, yaani kupimwa na kupangwa mlalo wa tairi, hata kama alama yako ya rangi imekaa pale pale. Jumamosi tuna foleni, hivyo mwenye nafasi aje siku za katikati ya wiki.