Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya: Tulipima sukari, mkagawa soda

YAH: MAJI YA KUNYWA

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Tunakusalimu kwa heshima zote na kukupa pole na majukumu. Rejea bonanza la afya la Jumamosi iliyopita, ambalo wewe ulikuwa mgeni rasmi.

Hema la kwanza lilikuwa la uzito na urefu, la pili la presha, la tatu, letu sisi watoa huduma za lishe na vipimo, la sukari. Hema la nne, ambalo foleni yake ilizidi zote tatu zikiunganishwa, lilikuwa la soda ya bure. Soda baridi, kreti juu ya kreti, kwa hisani ya mfadhili ambaye bango lake lilining'inizwa juu kidogo ya bango letu lenye maneno "Epuka sukari nyingi". Maji ya kunywa hayakuwepo. Tulipouliza, tukaambiwa yapo meza kuu.

Jua lilikuwa la saa saba. Watu walifanya ambacho mtu yeyote mwenye kiu angefanya: walianzia hema la nne, kisha wakaja la tatu na chupa mkononi. Hapa tunaomba utuvumilie, kwa kuwa takwimu za siku ile sasa ziko mezani kwako na tunasikia zitasomwa mkoani.

Kipimo cha sukari cha kuaminika ni cha mtu ambaye hajala wala kunywa chochote zaidi ya maji kwa saa nane au zaidi. Akisoma milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, anapimwa tena siku nyingine. Ikijirudia, ndiyo tunasema kisukari. Kipimo cha wakati wowote nacho kinatumika, ila mpaka wake ni 11.1, na mtu awe na dalili kama kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara na kupungua uzito bila sababu. Sasa mtu aliyemaliza soda, sukari yake hufika kileleni kati ya dakika 30 na 60. Mzima kabisa anaweza kusoma 8 au 9 na kurudi nyumbani akilia. Halafu kuna kidole. Soda ikimwagika ikakaukia kwenye ngozi, tone la damu huinyonya ile sukari, na mashine haijui sukari ipi imetoka mwilini na ipi imetoka kwenye chupa. Pamba ya spiriti haitoshi kuiondoa. Inatakiwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha kidole kikauke. Tukirudi kwenye maji: hayakuwepo.

Tulifanya tulichoweza, yaani kufuta tone la kwanza na kupima la pili. Lakini ukweli ubaki ulivyo. Kati ya waliopewa barua za rufaa siku ile, wapo wagonjwa na wapo waliokuwa na kiu tu. Hatuwezi kuwatenganisha bila kuwaita upya, wakiwa na njaa, asubuhi. Tafadhali takwimu hizo zisisomwe mkoani.

Mheshimiwa, soda tunaijua kwa namba, na pengine kosa letu ni kwamba namba hizi huwa tunaziongea vyumbani kwetu tu. Soda nyingi za kawaida zina gramu 10 hadi 12 za sukari kwa kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 ina gramu 35 hadi 42. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 4, kwa hiyo ndani ya chupa ile mna vijiko tisa mpaka kumi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari ya namna hii isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na unashauri ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima wa kilokalori 2,000 kwa siku, hiyo ni gramu 50, na ile ya pili gramu 25, vijiko sita. Chupa moja ya hema la nne ilimaliza vijiko sita vya siku nzima ikakopa vya kesho.

Katika hotuba yako uliwaambia wananchi "wapunguze vitambi". Tunashukuru. Ungetupa kipaza sauti dakika tano tungewaeleza wanapunguzaje, maana wengi huanzia kwenye sahani wakati tatizo liko kwenye kikombe. Soda moja kila siku ni kama kilokalori 150. Zidisha kwa siku 365, gawanya kwa 7,700 ambazo ni kadirio la kilo moja ya mafuta mwilini: unapata kilo saba. Hiyo ni hesabu ya karatasi. Mwili hujirekebisha na kilo halisi huwa chache zaidi. Lakini mwelekeo ndio huo, na kinachotupa sababu ya kuanza na vinywaji ni kwamba havishibishi. Mtu akinywa soda bado anakula ugali wake wote. Akila muhogo, ugali unapungua wenyewe.

Baada ya soda, chai. Kijiko cha nyumbani hakisawazishwi, huwa mlima, na mlima hufika gramu 6 au zaidi. Vijiko vitatu vya mlima kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku, ni gramu 54 kabla ya andazi la kwanza. Anayetaka kupunguza asikate vyote kwa siku moja, atarudia wiki ijayo kwa hasira. Wiki ya kwanza asawazishe kijiko kwa mgongo wa kisu, basi. Baada ya hapo atoe nusu kijiko kila wiki au wiki mbili; ulimi unafuata. Majani ya chai yachemke dakika mbili tatu tu, si robo saa, kwa sababu sukari nyingi ya chai zetu inapigana na uchungu tulioupika wenyewe. Tangawizi iliyopondwa, iliki, mdalasini au mchaichai vinasaidia sana hapo. Na sukari isitiwe kwenye birika wala kwenye chupa ya chai, kila mtu ajitilie kikombeni. Hili la mwisho tunalisema tukiitazama ofisi yako kwa jicho la upande: chai ya vikao vya kamati ya lishe, kamati ya lishe Mheshimiwa, huletwa tayari imeshatiwa sukari.

Makosa tunayokutana nayo yanajulikana. Anayeacha sukari nyeupe anahamia ya kahawia, au sukari guru, au asali, akidhani amehama mji kumbe amehama chumba. Asali, kati ya gramu 100, kama 80 ni sukari, nayo Shirika la Afya linaihesabu pamoja na nyingine, sawasawa na juisi, hata iliyokamuliwa mbele ya macho yako. Tunda zima halimo kwenye hesabu hiyo: chungwa moja mtu hulila kwa kutafuna na nyuzi zake, ila glasi ya juisi inataka machungwa matatu au manne na inashuka kwa funda tano. Juisi ya ukwaju na ya pasheni tunazotengeneza majumbani hatuna ugomvi nazo ila kwa kile kikombe cha sukari kinachomiminwa mwishoni. Wengine wanahamia soda zisizo na sukari. Mwaka 2023 Shirika hilohilo lilishauri vitamu vya namna hiyo visitegemewe kwa kupunguza uzito. Na wapo wanaoacha sukari, kisha wakajizawadia sahani ya pili ya wali.

Kuna kundi moja tuliloomba litangaziwe na halikutangaziwa. Mgonjwa wa kisukari anayejichoma insulini, au anayemeza vidonge kama glibenklamaidi, asikate sukari na wanga ghafla bila kumwona mtoa huduma, kwa sababu dozi ilipangwa kulingana na alivyokuwa anakula. Sukari inaweza kushuka chini ya 3.9: jasho jembamba, kutetemeka, njaa kali, maneno kuchanganyika. Huyo, akiwa bado anaweza kumeza, apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyojaa kwenye nusu glasi ya maji, apimwe tena baada ya dakika 15, akiwa bado chini apewe tena. Ndiyo, sukari. Hatujawahi kusema sukari ni sumu, ila gari la matangazo lilisema hivyo siku mbili mfululizo, na sisi ndio tunaopokea wanaozimia.

Turudi kwenye ahadi. Mwaka jana, kwenye bonanza kama hili, ulisimama ukasema ndani ya miezi mitatu kila shule ya msingi ya wilaya hii itakuwa na maji safi ya kunywa, na vinywaji vitamu vitaondoka kwenye mabanda ya shule. Makofi yalipigwa. Miezi mitatu ikapita, ikapita mingine tisa. Nenda saa nne ya mapumziko shule yoyote. Utakuta juisi za pakiti, askrimu za kwenye mfuko ambazo ni maji ya sukari yaliyogandishwa yakatiwa rangi, ubuyu wa rangi, kashata na pipi. Bomba lipo. Limefungwa kwa waya, au linatoa maji ambayo mwalimu mwenyewe hayanywi. Mtoto mwenye shilingi mia na kiu hafanyi uchaguzi wa lishe, ananunua kilichopo. Meno yake ndiyo ya kwanza kutoa taarifa.

Kwa nini ahadi haikutekelezwa, hatujui yote. Tunahisi fedha za lishe zinapewa mgongo kwa kuwa utapiamlo wetu tumezoea kuuona wa kukonda tu. Mkataba wa lishe, ule ambao serikali ilisaini na wakuu wa mikoa, unazungumzia shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano, na mtoto wa darasa la tatu hayumo hapo. Tunahisi pia kwamba mfadhili wa soda hufika na mahema, viti na muziki, na mfadhili wa maji hajawahi kufika. Huenda tunakosea. Lakini mapema 2024 sukari ilipoadimika na bei kupaa hadi serikali ikatangaza bei elekezi, viongozi wa ngazi zote walitueleza kila siku sukari itafika lini. Mpaka leo hatujasikia tangazo la maji ya shule yatafika lini.

Tulikuwa tumeandaa maombi saba. Tumeyasoma tena tukaona mengine si ya kwako. Uingereza tangu Aprili 2018 inatoza vinywaji baridi kulingana na sukari, kuanzia gramu 5 kwa mililita 100, na viwanda vingi vikapunguza sukari hata kabla tarehe haijafika. Afrika Kusini ilianza yake mwezi huohuo, kwa kila gramu inayozidi 4. Chile tangu 2016 inabandika alama nyeusi kwenye pakiti zenye sukari nyingi. Hayo ni ya Bunge na ya wizara, tutawaandikia wao. La mabango kulingana tumeliacha. La kipaza sauti tumeliacha. La chai ya kamati utalimaliza mwenyewe kwa neno moja jikoni.

Limebaki moja, na tumelipigia hesabu ili asije mtu akasema halitekelezeki. Shule ya wanafunzi 600, kila mmoja nusu lita, inataka lita 300 kwa siku. Tangi moja la plastiki la lita 500 linatosha, likiwa kivulini juu ya jukwaa la matofali, na koki nne, kwa sababu vikombe vikizamishwa ndani maji yatakuwa machafu kabla ya saa tano. Vidonge vya klorini vya lita 20 vinahitajika 25 kwa tangi lililojaa. Yajazwe jioni au alfajiri, maana ni lazima dakika 30 zipite kabla ya kunywa. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa, la sivyo klorini inaishia kwenye tope. Tangi lioshwe kila mwezi, na mwalimu mmoja atajwe kwa jina kuwa msimamizi wake. Likiwa la wote halitaoshwa. Vikombe watoto waje navyo.

Na kwenye bonanza lijalo, tangi hilohilo lisimame kati ya lango na hema la tatu. Lori la soda likija, lije. Litakuta watu wameshakunywa.

Tunaomba maji, Mheshimiwa. Tuliomba maji mwaka jana, tunaomba maji mwaka huu. Muhula unafunguliwa wiki tatu zijazo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Watoa huduma za lishe na vipimo,
Hema la tatu.

Nakala: Meza kuu.