Maandalizi ya kikao cha Jumamosi: barua za Thomas Jefferson

Ndugu wanakikundi, habari za jioni.

Jumamosi saa mbili usiku tutajadili barua na nyaraka binafsi za Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani. Aliandika barua zipatazo 19,000, na nyingi zimetufikia kwa sababu kuanzia mwaka 1804 alitumia mashine yenye kalamu mbili zilizounganishwa, hivyo alipokuwa akiandika barua ya kutuma, kalamu ya pili ilikuwa ikimwandikia nakala ya kuhifadhi.

Kuzisoma zote haiwezekani, wala sishauri mtu ajaribu. Naomba tusome mbili tu, ambazo zinapatikana bure kwenye tovuti ya Nyaraka za Taifa za Marekani. Ya kwanza ni ya tarehe 30 Agosti 1791, alipomjibu Benjamin Banneker, mwanafalaki Mweusi aliyemkumbusha kuwa mwandishi wa maneno "watu wote wameumbwa sawa" alikuwa bado anamiliki watumwa; jibu lenyewe, kwa maoni yangu, limejaa adabu lakini linaikwepa hoja. Ya pili ni ya 28 Oktoba 1813 kwa John Adams, rais wa pili wa Marekani, inayodai kwamba wanaostahili kuongoza ni wenye maadili na vipaji, si wenye mali na ukoo.

Mwenye nafasi apitie pia daftari lake la shamba, ambamo majina ya watumwa wake yameorodheshwa pamoja na mablanketi waliyogawiwa. Barua zake na mkewe Martha msizitafute, kwani hazikusalia.

Atakayepata udhuru atume swali lake hapa kabla ya Ijumaa jioni.