Trela za kupigia kambi: pimeni uzito wa mbele kabla hamjatoka

Bwana Mhariri,

Salamu nyingi kutoka Malindi. Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lenu manake likizo ya Disemba inakuja, na siku hizi kila wiki naona trela mpya iliyochomelewa hapa hapa mjini inapita ina hema juu, watu wamejaa furaha wanaelekea Marafa ama Tsavo, na nyingi ukiziangalia kwa nyuma zinacheza mkia barabarani. Mie mwenyewe ninayo, nimeiunda na kuibomoa na kuiunda tena huu mwaka wa tatu, kwa hivyo haya siyasemi kwa kusikia.

Jambo lenyewe ni zuri sana. Familia ya watu watano kulala hoteli za mbugani ni pesa za karo, lakini ukiwa na trela yako unaegesha, unafungua hema, dakika kumi watoto wako juu, nge na nyoka watabaki huko chini na mkeo hasumbuki na mchanga kwa godoro. Waitaliano, ambao hapa Malindi ni majirani zetu, kampuni yao moja inaitwa Autohome inatengeneza hema za juu ya gari tangu 1958, ila ikishafika hapa na ushuru juu mtu wa mshahara wa kawaida ataitazama tu. Ndio tukaamua kujiundia.

Yangu ina ekseli ya pikapu ya zamani, fremu ya bomba za mraba za inchi 2, boksi la plaiwudi ya boti, na hema nilienda kushonewa Lamu na fundi wa matanga. Yule mzee alinikataza turubai la plastiki, akanambia hilo halipumui, mkilala wanne ndani mtaamka mmerowa kwa pumzi zenu wenyewe. Akanishonea kitambaa kizito cha pamba, halafu akaniagiza kabla ya safari nilirowe chepechepe kwa maji baridi nilianike likauke, nirudie mara mbili. Uzi wa pamba ukirowa unavimba unaziba matundu ya sindano. Nilifanya hivyo, na mvua ya mwezi wa tano ilitupata tuko Marafa usiku kucha, hakuna tone lililoingia mshononi.

Sasa nije kwa kilichonifanya niandike. Safari yetu ya kwanza ndefu ilikuwa barabara ya Sala Gate, tumeshapita Kakoneni, kuna mteremko, mie niko kama 80 hivi. Mitungi minne ya maji ya lita 20 nilikuwa nimeipanga nyuma kabisa karibu na mlango kwa sababu ni rahisi kuishusha. Trela ikaanza kutikisika kidogo, mara ya pili ikazidi, mara ya tatu ikawa inavuta matako ya gari huku na huku mpaka magurudumu ya upande mmoja yakala changarawe. Mke wangu alimkumbatia mdogo hasemi kitu. Mguu ulitaka kukanyaga breki, lakini trela yangu haina breki zake, gari likisimama ghafla lile zigo linaendelea kusukuma kutoka nyuma na hapo ndipo mnapinduka. Nikaachia mafuta tu, nikashika usukani umenyooka, ikatulia polepole. Tulisimama chini ya mbuyu karibu saa nzima.

Kurudi nyumbani nikaazima mizani ya magunia kwa duka la nafaka. Nikaegesha trela pahali tambarare ikiwa na mzigo wote ule ule, nikasimamisha kipande cha mbao juu ya mizani, nikakalisha ule mkono wa trela unaoshikana na gari juu ya mbao kwa kimo kile kile cha ndoana ya gari. Kilo 15. Na trela nzima nilipoipeleka mzani wa malori ilikuwa kilo 520. Kipimo kinachotakiwa ni mbele ilalie gari kilo kama 10 hadi 15 kwa kila 100, yaani yangu ilifaa iwe kuanzia 52 mpaka 78. Nikatoa ile mitungi minne nyuma nikaihamishia mbele ya ekseli, sikugusa kitu kingine chochote, nikapima tena nikapata 66. Ni mitungi tu hiyo, ndugu zangu. Tangu siku hiyo haijacheza tena, na nimeshaenda nayo mpaka Mokowe na kurudi.

Fundi aliyenichomea fremu ya kwanza alikuwa ameweka ekseli katikati kabisa ya trela, na alijivunia kwamba unaweza kuinua trela kwa mkono mmoja. Nami nilifurahi wakati ule. Wepesi ule ndio hatari yenyewe. Ekseli inatakiwa irudi nyuma kidogo ya katikati, na mkono wa mbele usiwe mfupi. Hema nalo lina uzito na liko juu, usilipandishe zaidi kwa kutaka boksi refu, mie nimeteremsha langu futi moja na upepo wa kusi ukinipiga ubavuni naona tofauti.

Mengine ni haraka haraka. Chumvi ya hapa pwani inakula bomba kwa ndani, kwa nje unaona rangi safi, kumbe ndani ni unga: ziba ncha zote na toboa vitundu chini maji yatoke. Springi za pikapu ni ngumu kwa trela nyepesi, inarukaruka, mie nilipunguza vipande. Tafuta magurudumu yanayoingiliana na ya gari ili speya moja itoshe zote mbili. Na kila mkisimama shika habu, yaani kitovu cha gurudumu, kwa mkono, ikikuunguza beringi inalia grisi.

Pia trela ni chombo cha barabarani, inasajiliwa na inapewa namba yake inayoanza na Z, taa za breki na indiketa ziwake, na minyororo ya usalama iwepo hata kama ndoana ni mpya. Nyingi ninazoziona hazina hata moja ya hizi.

Ombi langu kwenu Bwana Mhariri, mtafuteni mwandishi akae siku moja na mafundi wetu wa jua kali aandike vile trela inavyopimwa, kwa picha, manake wanajua kuchoma chuma vizuri lakini wengi hawajawahi kuonyeshwa hiki kipimo, na wateja ndio hatuulizi. Mwenye duka ameniuzia ile mizani, iko kwangu. Kuanzia Jumamosi hii mwenye trela hapa Malindi aje nayo tumpimie bure, ila aje na mzigo wake wote kama anaosafiri nao, na mitungi ijazwe maji.

Msomaji wenu,
Malindi