Mashine ya msasa inaua vinia

Mhariri,

Kabati na meza za zamani zenye vinia, yaani ganda jembamba la mbao lililobandikwa juu ya mbao nyingine, huharibiwa zaidi na matengenezo kuliko umri. Fundi akiona uvimbe, yaani mahali ganda hilo limeachia, hukimbilia mashine ya msasa. Vinia yenyewe mara nyingi haifiki milimita 1, kwa hiyo mbao ya ndani hutokeza mara moja, na hapo hakuna varnishi ya kuokoa.

Samani nyingi za kabla ya miaka ya 1940 zilibandikwa vinia kwa gundi iliyotengenezwa kwa ngozi za wanyama, ambayo hulainika kwa joto na unyevu. Pitisha pasi ya joto la wastani juu ya kitambaa chenye unyevu kwa sekunde 10 hivi, kisha kandamiza kwa ubao na uzito hadi papoe. Varnishi huweza kupata weupe, hilo hurekebishika. Pasiposhika, chana uvimbe kwa wembe kufuata nyuzi za mbao, ingiza gundi kwa bomba la sindano, weka nailoni ili ubao usinase, ubane saa 24.

Palipong'oka, kata kiraka cha vinia chenye ncha mbili kama mtumbwi, ncha zikifuata nyuzi. Mkato unaokingama nyuzi huonekana daima, hata ukiupaka nini. Kimalizie kwa msasa namba 240, kwa mkono.

Fundi seremala,
Mombasa