Risala ya Klabu ya Sanaa kwa Mgeni Rasmi katika Maonyesho ya Picha za Chapa ya Mbao

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima kubwa tunakukaribisha katika maonyesho haya, ambayo tumeyapa mada moja tu, nayo ni maisha ya watu wa kazi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, picha hizi hutengenezwa kwa kuondoa. Mchongaji hutoa kwa patasi sehemu anazotaka ziwe nyeupe, kisha huupaka wino mweusi uso wa ubao uliosalia na kuugandamizia karatasi, kwa hiyo kila mwanga unaouona ukutani hapa ni mbao iliyotolewa, na kila giza ni mbao iliyoachwa. Mkunjo wa shati la kuli ama uchongwe, ama usiwepo. Kwa sababu hiyo twaona kwamba chapa ya mbao huisimulia kazi vizuri kuliko rangi za mafuta: mapambo huanguka pamoja na vumbi la mbao, wakabaki mgongo, mkono na mzigo.

Mchongaji wa chapa za mbao Frans Masereel, aliyezaliwa Ubelgiji mwaka 1889, alisimulia mwaka 1918 maisha ya mfanyakazi mmoja, tangu kuzaliwa hadi kuuawa, kwa picha 25 zisizo na maelezo yoyote. Mjini Berlin, msanii Käthe Kollwitz, ambaye mumewe alikuwa daktari katika mtaa wa wafanyakazi, alitoa mwaka 1925 picha tatu kuhusu tabaka hilo, yaani ukosefu wa kazi, njaa na vifo vya watoto. Katika zote tatu hakuna hata mtu mmoja anayefanya kazi. Katika ile ya vifo, mama amekumbatia jeneza dogo, na sehemu kubwa ya ubao imeachwa nyeusi. Mbele ya picha hiyo klabu yetu ilibishana kuliko mbele ya nyingine yoyote.

Agosti 1931, mwandishi Lu Xun aliandaa mjini Shanghai mafunzo ya siku sita ya chapa ya mbao kwa vijana 13, mwalimu akiwa Mjapani Uchiyama Kakichi na Lu Xun mwenyewe akiwa mkalimani. Kazi za Kollwitz na za Masereel zikasambazwa huko China kwa juhudi zake. Ubao na patasi vilikuwa vya bei nafuu, ubao mmoja ulitoa nakala nyingi bila mtambo, na wachongaji vijana wakaanza kuwaonyesha makuli, wavuta riksho na wakulima wenye njaa. Baadhi yao walifungwa gerezani.

Hatusemi kwamba kila picha ya namna hii ni njema, kwani zipo zinazomfanya mfanyakazi kuwa misuli na ngumi tu, kana kwamba hachoki wala hana nyumbani. Sisi tumemchonga mama lishe akihesabu chenji, na mbeba zege akinywa maji kivulini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa sasa tunachonga mabaki ya plaiwudi kutoka karakana ya useremala, ambayo hubanduka patasi inapokata kinyume cha nyuzi, na patasi zenyewe tunazitumia kwa zamu. Tunakuomba utusaidie kupata mbao laini, patasi ndogo, rola na wino wa kuchapia, ili wanafunzi wa kidato cha kwanza nao waanze muhula ujao.

Naomba kuwasilisha.